Linux ya Kujiundia na Mahitaji ya Biashara: Maelezo kwa Kuitazama Hali ya Sumbawanga

Nia ya makala haya ni kueleza jambo la ufundi wa kompyuta ambalo, kwa maoni yangu, haliwezi kuelezwa kikamilifu na mafundi peke yao, kwa sababu ndani yake mna swali la lugha. Jambo lenyewe ni hili: ile mikusanyo ya Linux ambayo mtumiaji huweza kuiunda kipande kwa kipande apendavyo, je, yafaa kwa kazi ya biashara? Swali hili limekwisha kujadiliwa sana katika miji mikubwa ya ulimwengu. Mimi nitalitazama kutoka Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, na uwanda wa Ufipa unaouzunguka mji huo, mahali ambapo kazi ya kuchunguza sarufi ya Kifipa imenipeleka mara nyingi. Huko gharama ya kila uamuzi huonekana upesi. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na fundi akikosekana mfanyabiashara hana mlango wa pili wa kubisha hodi.

Swali limezidi kuwa la haraka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 iliyoirithi hudai kompyuta iwe na kifaa maalumu cha usalama ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Basi zile kompyuta zilizoingia nchini zikiwa zimekwisha kutumika kwingineko, ambazo ni nyingi katika maduka na ofisi ndogo za mikoani, zimeachwa njia panda: zingali nzima, kibodi zake zaandika na vioo vyake vyawaka, lakini mfumo unaoziendesha umeachwa bila mlinzi. Mwenye duka huambiwa na kijana aliyerudi kutoka chuoni kwamba Linux hutolewa bure na kwamba itaifufua mashine yake. Kijana husema kweli. Linabaki swali la Linux ipi.

Hapa yatupasa tusimame kidogo juu ya maneno. Linux, kwa maana yake halisi, ni kiini tu cha mfumo endeshi, kilichotungwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Kiini peke yake hakimfai mtu, kama vile mzizi wa kitenzi usivyomfaa msemaji pasipo viambishi. Ili kompyuta ifanye kazi, kiini huunganishwa na maelfu ya programu nyingine, nyingi zikiwa zimetokana na mradi wa GNU uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Na jumla hiyo, ikiisha kupangwa na kupewa jina, ndiyo Waingereza waiitayo kwa neno lenye maana ya kugawa au kusambaza. Vijana wetu husema distro. Ningependa kusema mgao, kwa kuwa ni neno jepesi, ila sidhani kama yuko Mtanzania atakayelisikia neno hilo pasipo kufikiri kukatika kwa umeme. Kwa hiyo nimechagua mkusanyo. Shida kama hiyo iko katika neno kifurushi, ambalo baadhi ya wafasiri wamelitumia kwa programu iliyofungwa tayari kuingizwa katika mashine. Sokoni Sumbawanga mtu akisema kifurushi chake kimekwisha, maana yake ni kwamba simu yake haina tena intaneti. Nitaliepuka.

Mikusanyo hii ni mamia, na uhusiano wake wafanana na uhusiano wa lugha. Debian ilitangazwa na Ian Murdock mwaka 1993. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, imezaliwa na Debian. Na Linux Mint imezaliwa na Ubuntu. Guthrie alipoviweka Kifipa, Kipimbwe, Kirungwa, Kilungu na Kimambwe katika kundi moja la M10, hakuwa na kipimo cha sarufi kiwezacho kusema ni wapi hasa lugha moja hukoma na ya pili huanza. Mara nyingi mpaka huwekwa na wasemaji wenyewe. Ndivyo ilivyo hapa pia. Kinachotenga mkusanyo mmoja na mwingine ni watu wanaoutunza na kanuni walizokubaliana, kuliko programu zilizomo, kwa kuwa programu karibu zote ni zile zile.

Sasa, kusema kwamba mkusanyo ni wa kujiundia ni kusema nini? Kila Linux hubadilika, kwa kuwa leseni zake zaruhusu. Tofauti ni katika kile ambacho mtunzaji amekiamua mapema kwa niaba ya mtumiaji. Anayepokea Ubuntu hupokea nyumba iliyokwisha kujengwa, na akitaka huhamisha viti. Anayepokea Arch, iliyoanzishwa na Judd Vinet mwaka 2002, hupokea msingi na zana, kisha huchagua mwenyewe kila ukuta. Tangu mwaka 2021 Arch ina programu ya kumwongoza mtu katika kuiingiza, lakini desturi yake ingali ni kuandika amri kwa mkono na kusoma maelezo kabla ya kila hatua. Gentoo huenda mbali zaidi. Huko mtumiaji hupewa misimbo ya programu, naye kompyuta yake huigeuza misimbo hiyo kuwa programu inayotumika, ikiacha sehemu asizozitaka: asiyekuwa na printa hujenga programu zake bila habari yoyote ya kuchapa. Ni kweli kwamba tangu Desemba 2023 Gentoo hutoa pia programu nyingi zikiwa zimekwisha kujengwa, lakini atakayezitumia hizo peke yake ameacha sehemu kubwa ya sababu ya kuichagua Gentoo.

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ng'ambo niliitumia Arch kwa miaka kadhaa, na niliipenda. Hainilazimishi kitu. Nilikuwa na umeme usiokatika, intaneti isiyopimwa, na muda wa jioni wa kuchezea mashine. Na kama kompyuta ingalikataa kuwaka siku ya Jumatatu, asiyepata kazi yake angalikuwa mimi peke yangu. Katika hayo manne, mfanyabiashara wa Sumbawanga hana hata moja.

Tuanze na umeme. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuwa katika gridi ya taifa. Iliishi kwa umeme uliovushwa kutoka Zambia pamoja na majenereta ya dizeli, na watu wa huko wamejifunza kupanga kazi kwa kuutazamia umeme ukatike. Kuijenga kutoka katika misimbo programu kubwa kama LibreOffice, au kivinjari cha intaneti, huichukua kompyuta ya zamani saa nyingi. Umeme ukikatika katikati, kwa kawaida kazi ya programu hiyo huanza upya. Kisha intaneti. Arch haina matoleo yenye namba: kila siku programu mpya hutoka, na mashine hutakiwa kufuatana nazo. Anayetaka kuchukua kimoja na kuacha vingine, ili asimalize bando lake, huonywa na watunzaji wenyewe kwamba kusasisha nusu hakuungwi mkono. Ama yote au hapana. Juu ya hayo, yapasa kusoma habari za mkusanyo kabla ya kusasisha, kwa kuwa mara nyingine watunzaji hutangaza kwamba safari hii mtumiaji afanye jambo fulani kwa mkono, la sivyo mashine haitawaka. Habari hizo ni za Kiingereza. Mwenye duka akiziacha miezi minne ya mavuno, mahindi na maharage yakiingia na wanunuzi wakisubiri, atakaporudi atakuta deni la mabadiliko ya miezi minne.

Debian huenda kinyume. Toleo lake imara hutoka kwa kadiri ya kila miaka miwili: la 12 lilitoka Juni 2023, la 13 likatoka Agosti 2025. Kila toleo hutunzwa miaka mitatu, kisha hupewa miaka miwili zaidi ya utunzaji wa usalama, na katika muda huo wote namba za programu kubwa kwa kawaida hubaki zilivyo. Hurekebishwa kasoro na matundu ya usalama tu. Aidha, mtu huweza kuichukua nzima Dar es Salaam au Mbeya katika flashi na kuipeleka kwa basi. Wapenzi wa Arch huicheka Debian kwa uzee wa programu zake, na kicheko chao nakielewa. Watetezi wa Kimvita nao walikiona Kiswahili sanifu kuwa kimekauka, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kukichagua Kiunguja na Kamati ya Lugha kuanza kazi mwaka 1930. Walikuwa na haki yao kwa upande wa utajiri wa lugha. Lakini aliyetaka kuchapa kitabu kimoja kisomwe Kigoma na Lamu hakuwa akitafuta utajiri. Alitafuta tahajia ambayo haitabadilika kabla wino haujakauka.

Wako watakaosema kwamba makampuni makubwa yametumia mikusanyo ya kujiundia na yakafaulu. Ni kweli tupu, na mfano wao ni mzuri. Mfumo wa ChromeOS wa Google, uendeshao kompyuta za shule katika nchi nyingi, umejengwa kwa zana za Gentoo. Mashine ya michezo ya Steam Deck, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Valve mwaka 2022, huendeshwa na mfumo uliojengwa juu ya Arch. Lakini tutazame ni nani aliyeunda na ni nani atumiaye. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya ChromeOS hajui Gentoo ni nini, wala haitaji.

Historia ya Ufipa yenyewe yatupa njia ya kulielewa jambo hili. Wafipa walikuwa wayeyushaji wa chuma mashuhuri, na tanuri zao ndefu ziitwazo malungu zimechunguzwa na wataalamu wengi, akiwamo Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tanuri hizo zilijengwa kwa udongo, nyingi zikizidi kimo cha mtu, nazo zilivuta hewa zenyewe kwa mirija iliyopangwa chini, bila mivukuto. Kilichotoka humo hakikuwa chuma safi bado. Kilipelekwa katika tanuri ndogo, vintengwe, ambazo zilivukutwa, ndipo mhunzi akakipokea. Wayeyushaji walijua udongo upi wafaa, mawe yapi yana chuma, na makaa ya mti gani hudumu. Kwao tanuri lilikuwa kitu cha kujiundia hasa. Lakini mkulima aliyehitaji jembe hakujenga lungu. Alitoa mali akachukua jembe, na jembe likivunjika alijua aende kwa nani. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe na vyuma vya kiwandani vilipoenea, na leo magofu ya malungu yangali yakionekana katika sehemu za uwanda. Google na Valve ni wayeyushaji. Duka la pembejeo la Sumbawanga ni mkulima, na ni upuuzi kumwambia mkulima kwamba jembe bora ni lile ambalo amechimba mawe yake mwenyewe.

Tulichukue basi duka kama hilo na kuuliza lafanya nini kwa kompyuta. Huandika akiba ya mbolea na mbegu, huchapa ankara, huweka hesabu za wateja wanaolipa baada ya mavuno, hutuma barua, na huingia katika mifumo ya serikali kwa kivinjari. Fedha nyingi hupita katika simu, na risiti ya kodi hutoka katika mashine ya EFD, ambayo Mamlaka ya Mapato ilianza kuwataka wafanyabiashara kuitumia mwaka 2010. Hayo mawili hayaitegemei sana kompyuta ya mezani. Kwa kazi zilizobaki Linux yoyote yatosha, isipokuwa katika jambo moja, ambalo ndilo yafaa liulizwe kwanza kabla ya majina yote niliyoyataja: hesabu za duka zimo katika programu gani? Kama zimo katika Tally, ambayo imetengenezwa kwa Windows, mjadala umekwisha mpaka hesabu zihamishwe. Programu huria ya GnuCash ipo, na kwa duka dogo ni nzuri, lakini kuhama ni kazi ya msimu mzima na haifanywi wakati wa mauzo.

Hata hivyo, sababu za umeme, intaneti na misimu si kiini cha hoja yangu. Umeme utatengemaa, na intaneti inazidi kuwa rahisi. Sababu iliyo ndani zaidi ni kwamba mfumo wa kujiundia hutiwa maamuzi mengi ya mtu mmoja, na maamuzi hayo hayaonekani. Fundi amezuia programu fulani isisasishwe kwa kuwa toleo jipya liligombana na printa. Ameandika mstari mmoja katika faili fulani ili herufi zitoke sawasawa. Amepanga nakala ya hesabu ijitunze yenyewe kila jioni katika diski ya pili. Kila moja katika hayo lilikuwa jambo la busara siku lilipofanywa. Kisha fundi hupata kazi Mbeya au Dodoma. Anayekuja baada yake huikuta mashine ambayo haifanani na mashine nyingine yoyote mjini, wala na kitabu chochote. Wanaisimu wanalijua jambo hili: ni lugha ya mtu mmoja. Ina sarufi kamili, ila msemaji wake ameondoka.

Mkusanyo usiobadilishwa sana hupunguza hatari hiyo kwa sababu sehemu kubwa ya maamuzi yake imeandikwa na watu wengine na kusomwa na wengi. Ndiyo maana nasema kwamba kufaa kwa mfumo katika biashara hakupimwi kwa wingi wa vitu viwezavyo kubadilishwa, bali kwa wingi wa watu wawezao kuyasoma mabadiliko hayo baada ya aliyeyafanya kuondoka. Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, ukajiundia mkusanyo wake wenyewe ulioitwa LiMux, kwanza juu ya Debian na baadaye juu ya Ubuntu. Kufikia mwaka 2013 kiasi cha kompyuta 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Na mwaka 2017 baraza la mji likaamua kurudi Windows. Sababu zilibishaniwa sana, na siasa haikukosekana. Askari wa Gendarmerie wa Ufaransa walianza kuhamia Ubuntu mwaka 2008, wakiwa wamekwisha kuizoea OpenOffice, na wameendelea nayo katika makumi ya maelfu ya kompyuta. Sitaki kuzidisha maana ya mifano miwili, lakini waliodumu wametumia mkusanyo wa watu wengi wakiubadili kwa kiasi.

Wala tusidhani kwamba utulivu ni ahadi isiyovunjika. Wengi walioichagua CentOS kwa seva zao waliahidiwa kwamba toleo la 8 lingetunzwa mpaka mwaka 2029. Desemba 2020 kampuni ya Red Hat ilitangaza kwamba utunzaji ungekoma mwisho wa 2021. Hii ni sababu mojawapo ya kuipenda Debian, ambayo si mali ya kampuni moja.

Yuko mpinzani mmoja wa hoja yangu ambaye namheshimu, naye ni NixOS. Mkusanyo huu, uliotokana na kazi ya Eelco Dolstra huko Utrecht, ni wa kujiundia kupita kiasi, lakini kwa namna nyingine: kwa kawaida mfumo mzima huelezwa katika faili moja ya maandishi. Humo huandikwa programu zipi ziwepo, huduma zipi ziwake, na saa ipi nakala ichukuliwe. Mtu akitaka badiliko hulihariri andiko, kisha mashine hujijenga kulifuata. Na likiharibu kitu, huchagua hali ya zamani wakati wa kuwasha na kurudi alikotoka. Mashine ikiteketea, andiko lile lile huunda nyingine iliyo sawa nayo, ilimradi hesabu zenyewe zina nakala yake. Katika andiko hilo kila mstari huweza kufuatwa na maelezo ya Kiswahili ambayo kompyuta huyapita bila kuyasoma. Hapa kujiundia na kuandika vimekuwa kitu kimoja, na pingamizi langu juu ya lugha ya mtu mmoja limepungua nguvu sana. Lililobaki ni kwamba andiko lenyewe lina sarufi ngumu, na kwamba mafundi wanaoijua ni wachache. Kama idara ya kompyuta katika tawi la Rukwa la Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya ingeifundisha kwa miaka mitano, ningekuwa tayari kuandika makala mengine yenye shauri jingine.

Kwa wakati huu shauri langu kwa duka ni Debian au Ubuntu ya utunzaji mrefu, isiyobadilishwa ila kwa lazima, pamoja na daftari la mashine. Na ni katika daftari hilo ndipo wasomaji wa jarida hili wanapohusika.

Taasisi yetu na jirani zake wamekwisha kushiriki mara moja katika kazi ya namna hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice 1.1. Ilikuwa kazi ya sifa. Ilionyesha kwamba programu nzima ya ofisi yaweza kusema Kiswahili pasipo idhini ya kampuni yoyote. Lakini Oktoba 2005 OpenOffice 2.0 ilitoka, ikiwa na menyu na maneno mengine, na mwaka 2010 kundi kubwa la waundaji likajitenga na kuanzisha LibreOffice. Mfasiri akawa katika hali ile ile ya mwenye duka anayetumia Arch: anachokitafsiri hakimngoji. Kiswahili hakikutoweka katika Linux. Kimo katika orodha za lugha za mfumo, kwa Kenya na kwa Tanzania, na kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili hupatikana katika LibreOffice. Lakini fundi wa Sumbawanga hutumia kioo cha Kiingereza, na nionavyo ataendelea kukitumia kwa muda. Tumeweka nguvu nyingi katika maneno ya kwenye kioo, na kidogo sana katika maneno ambayo fundi huyatumia kumweleza fundi mwenzake alichokifanya.

Tutazame kitenzi kimoja tu, kile cha kuingiza programu katika mashine. Wafasiri wametupa sakinisha na simika. Wengine huandika pachika. Watu wa kawaida husema weka. Na mafundi wengi, kwa kufuata desturi ya kufunga mtambo, kufunga umeme na kufunga dishi, husema funga. Sasa mtu aandike katika daftari: "Nimefunga programu ya akiba." Ameiingiza, au ameizima isifanye kazi? Zote mbili ni Kiswahili sahihi. "Nimeweka tarehe" yaweza kuwa kuisahihisha saa ya mashine au kuongeza safu katika jedwali. "Nimefuta printa" ni kuiondoa katika orodha, ama ni kuipangusa vumbi? "Nimezima huduma" ni kuizima kwa leo, au ni kuikataza isiwake tena hata mashine ikianzishwa upya? Katika Linux hizo ni amri mbili tofauti, na anayezichanganya hulala akidhani nakala ya hesabu inachukuliwa kila jioni, kumbe sivyo. Katika mazungumzo utata huu hautudhuru, kwa kuwa tunaweza kuuliza. Daftari haliulizwi.

Hapa nadhani kamati za istilahi zimekosea njia kwa miaka mingi, zikitafuta jina kwa kila kitu na kuviacha vitenzi vijitafutie vyenyewe. Fundi hana taabu na majina. Atasema faili, seva, printa, diski, na ataeleweka Ufipa nzima. Taabu yake ni katika matendo, na matendo hayo si mengi: kuingiza, kuondoa, kuwasha kwa sasa, kuwasha daima, kuzima kwa sasa, kuzima daima, kusasisha, kuzuia kusasisha, kurudisha hali ya zamani, kuchukua nakala, kurejesha nakala. Ni kumi na moja. Kwa kila moja yafaa tuchague kitenzi kimoja, tukiache funga kabisa katika maandishi haya ijapokuwa ni kitamu mdomoni, na tuonyeshe mfano wa sentensi yake. Kwa kuzuia kusasisha, kwa mfano, ningependekeza shikilia, kwa sababu ndivyo amri yenyewe isemavyo katika Debian, na kwa sababu hakuna fundi atakayelidhania kuwa na maana nyingine.

Orodha hiyo huenea katika ukurasa mmoja. Yaweza kubandikwa katika jalada la ndani la daftari, na chini yake zikachorwa safu nne: tarehe, kitendo, faili au programu iliyoguswa, na sababu. Safu ya mwisho ndiyo ambayo mafundi huiacha tupu, nami ningeiomba iwe pana kuliko zote. Anayekuja baadaye huweza kuiuliza mashine yenyewe ni nini kilichoshikiliwa, nayo itamjibu. Haiwezi kumwambia kwamba kilishikiliwa kwa sababu ya printa iliyokwisha kuuzwa mwaka jana.